Usonji na Maumivu: Asiyelia Naye Huumia
Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tulieleza usonji ni nini, tukianzia mwaka 1943, daktari Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 huko Marekani. Leo tuingie katika jambo linalowababaisha wazazi na hata madaktari: mtoto mwenye usonji akiumwa, tutajuaje?

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba watoto hawa hawasikii maumivu. Mtoto anaungua kwa sufuria, halii. Anaporomoka kwenye ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe, anainuka na kwenda zake. Husemwa ana roho ngumu.

Utafiti umeipinga imani hiyo. Mwaka 2004, watafiti wa Vancouver, Kanada, waliwatazama watoto 21 wenye usonji wakitolewa damu. Nyuso zao zilionesha maumivu waziwazi, ila makisio ya wazazi hayakuoana na nyuso hizo. Mwaka 2009 huko Ufaransa, Sylvie Tordjman na wenzake waliwapima watoto na vijana 73. Wengi walitulia sindano ilipoingia, lakini mioyo yao ilikwenda mbio kuliko ya wenzao wasio na usonji. Mwili ulikuwa ukilalamika kwa njia tusiyoizoea.

Kusema "tumbo linaniuma" kunataka mambo matatu: kupatambua panapouma, kupata maneno, na kujua kwamba ukimwambia mtu atakusaidia. Usonji huweza kukwamisha lolote kati ya hayo. Wapo wasiosema kabisa. Wapo wanaorudia maneno waliyoambiwa siku walipoumia: mtoto akikwambia "pole mwanangu, pole", huenda anayeumwa ni yeye. Na asiyejali jeraha la goti huweza kuteswa na honi ya vespa kichochoroni, au na mshono wa sare ya skuli.

Kwa hiyo tutazame mabadiliko. Mpole akianza kujigonga kichwa, kujiuma mkono, kukataa chakula akipendacho, kukesha au kulalia tumbo kwenye ukingo wa kiti, tusikimbilie kumwita mkorofi wala kusema ana shetani. Huenda ni jino bovu, sikio, kiungulia au choo kigumu. Wataalamu wa Kanada wametunga orodha ya dalili 30 kwa watoto wasiosema. Mzazi humtazama mwanawe kwa saa mbili, akatia alama kuhusu sauti, uso, mwili, kula na kulala.

Nasi tunaweza kuanza na daftari. Andika mwanao huwaje akiwa mzima na huwaje akiumwa, ulichukue unapompeleka hospitali ya Mnazi Mmoja au kituo cha afya cha shehia yako. Mwombe daktari atazame meno, masikio na tumbo kabla ya kuandika dawa ya kumtuliza. Na mtoto akivunjika mkono asilie, apewe dawa ya maumivu kama anayelia.

Wiki ijayo: kumtayarisha mtoto mwenye usonji kwa sindano na kung'olewa jino.