Tumbo Kujaa Kabla ya Siku za Mwezi



Baada ya mkutano mmoja, mama mwenzetu alibaki nyuma. Alituambia kwa sauti ya chini kwamba tumbo la binti yake wa miaka 15 lilijaa, hata kikwembe hakikufunga vizuri. Akamgombeza: "Nani alikupa mimba?" Mtoto alilia siku mbili. Siku ya tatu damu yake ya mwezi ilikuja, na tumbo likashuka. Mama aliona haya, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

Tunaandika haya ili mwingine asiumize mtoto wake bure.

Kwa nini tumbo linajaa?

Siku zile kabla ya damu, homoni za mwanamke zinapanda kisha zinashuka. Hapo mwili unashika maji na chumvi, na matumbo yanafanya kazi polepole. Gesi inaongezeka, choo kinachelewa, matiti yanauma. Si uchawi wala si ugonjwa. Kwa wengi hali hii inapungua damu ikianza, ama siku chache baadaye.

Tufanye nini?

– Tupunguze chumvi siku hizo. Tukumbuke kwamba makayabu na vile vidonge vya kuongeza ladha kwenye sombe vina chumvi nyingi.
– Maharagi tuyaloweke usiku kucha, tumwage maji yale, kisha tuyapike katika maji mapya. Gesi itapungua.
– Tule kidogo kidogo, mara nyingi, kuliko kushiba sana mara moja.
– Tunywe maji safi. Kuacha maji hakupunguzi uvimbe. Vinywaji vya gesi tuviweke kando.
– Tutembee. Na tukipumzika, kitambaa chenye joto juu ya tumbo kinatuliza maumivu.
– Tuandike kwenye kalenda siku damu inapoanza na siku tumbo linapojaa. Baada ya miezi mitatu tutaona kama vinafuatana.

Tusinywe dawa za kuharisha au za kukojoza bila muganga kutuambia. Zinaweza kumaliza maji na chumvi za lazima mwilini.

Lini twende kituo cha afya?

Tusingoje kama tumbo halishuki hata damu ikiisha, kama linazidi kukua, kama tunakonda au tunashiba upesi, kama maumivu ni makali, kama kuna homa au uchafu unaonuka. Damu ikikosa kuja kwa mwenye kuwa na mume au rafiki, apime mimba.

Kwa binti zetu, tuanze kwa kuuliza: "Siku zako ziko karibu, mwanangu?" Sisi walimu tunaona darasani: msichana aliyefundishwa na mama yake hana hofu na mwili wake. Yule aliyegombezwa, siku akiwa na shida ya kweli, atamficha mama.

Usiku huu, tukichambua mboga pamoja nao, tuanze mazungumzo.