Je, Wajua? Siri ya Kompyuta Izimikayo Ghafula
Kompyuta ya mezani izimikayo ghafula katika kazi nzito, hususan michezo yenye picha nyingi, ilhali kwa kazi nyepesi hudumu kutwa bila taabu, yafaa ishukiwe pawasaplai yake, yaani kifaa kiipacho kompyuta umeme, kabla ya programu; kwani kadi ya picha, kwa kitambo kisichofikia hata sehemu ya elfu ya sekunde, huweza kudai umeme maradufu ya kawaida yake, na pawasaplai iliyoelemewa, ili isiungue, hujikata yenyewe.

Waya wa manjano wa pawasaplai, kwa kanuni ya ATX inayotawala vifaa hivyo, hubeba volti 12, zikiruhusiwa kupungua au kuzidi kidogo tu. Lakini mita ya kawaida haiwahi kuuona mporomoko wa volti hizo ulio wa ghafula kiasi hicho. Hivyo jaribio la kuaminika zaidi ni kuazima pawasaplai yenye wati za kutosha, kisha kuirudia kazi ile ile. Wala asithubutu mtu kuifungua ya zamani: kapasita zake huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa ukutani.