Kitalu, Kiriba na Bustani ya Kuonyeshea: Istilahi za Biashara ya Miche

Mfasiri anayepewa kijitabu cha ukulima wa bustani hukutana mapema na dhana moja inayoonekana nyepesi, nayo ni ile bustani ndogo ambayo mwuza miche huipanda mbele ya mahali pake pa biashara ili wateja waione mimea ikiwa imekwisha kukua. Nilipopewa kazi ya kufasiri kijitabu cha namna hiyo kwa ajili ya wauza miche wa kando ya barabara, niliandika "bustani ya maonyesho" bila ya kufikiri sana. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililozaa makala hii. Kijitabu kilipowafikia wenyewe, swali la kwanza lililorudi lilikuwa hili: maonyesho hayo yatafanyika mwezi gani, na kiingilio ni kiasi gani? Mmoja wao alikwisha kuizungushia seng'enge sehemu iliyopendeza kuliko zote, akawazuia wateja wasiingie mpaka siku ya ufunguzi. Bustani iliyokusudiwa kuwavuta wanunuzi ikawa inawafukuza, kwa sababu ya neno moja.

Hawakukosea wao. Katika matumizi yetu maonyesho ni tukio: lina tarehe, lina mabanda na lina mgeni rasmi. Hakuna asiyeyajua ya Saba Saba na ya Nane Nane. (Ugomvi wa "maonyesho" na "maonesho" siuingilii hapa, tatizo letu lingebaki lile lile kwa tahajia yoyote.)

Kabla ya kutafuta neno hatuna budi kuifahamu dhana yenyewe, kwani istilahi nyingi mbovu hutungwa na mtu aliyelijua neno la kigeni asikijue kitu chenyewe. Mfano bora niujuao ni ule wa Bibi Beth Chatto, mkulima wa bustani wa Essex, mashariki mwa Uingereza. Alianza kuitengeneza bustani yake mwaka 1960, na mwaka 1967 akafungua biashara ya miche papo hapo. Ndio mwaka ule ule ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge. Bustani na mahali pa kuuzia vilikuwa jirani, hata mteja aliweza kuutazama mmea uliokomaa, kisha akageuka akanunua mche wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bibi huyo alifanya jambo la ajabu zaidi. Aliuchukua uwanja wa zamani wa kuegeshea magari, wenye udongo wa changarawe tupu, akapanda humo mimea istahimiliyo ukame. Sehemu hiyo ya Essex ni miongoni mwa zile zipatazo mvua chache kabisa nchini humo, na nia yake ilikuwa kwamba mimea ikishashika isimwagiliwe tena. Mteja aliyekuwa na udongo mkavu kwake hakuhitaji kuhubiriwa. Aliona kwa macho yake kipi kimeishi na kimekuwa kikubwa kiasi gani. Beth Chatto alifariki mwaka 2018.

Basi kazi ya bustani hii ni kujibu maswali ambayo mche hauwezi kuyajibu. Mche wa mvinje na wa mwasumini, ikiwa katika mifuko yake, huenda ikalingana kimo. Lakini mmoja utapita paa la nyumba na wa pili utatambaa juu ya ua. Mnunuzi asiyeliona hilo ataupanda mvinje dirishani. Kwa sababu hiyo kila mmea uliomo bustanini uwe na miche yake ya kuuza hapo karibu, maana kumtamanisha mtu kitu kisichokuwapo ni kumpoteza. Uwe na kibao kinachotaja jina lake, kimo chake, kama wapenda jua au kivuli, na bei. Mimea ipendayo maji isichanganywe na istahimiliyo ukame. Njia iwe pana kiasi cha watu wawili kupita sambamba, au mmoja na toroli. Ulio katika maua usogezwe upande wa barabara ambako mpita njia atauona, na uliokauka uondolewe siku hiyo hiyo. Zaidi ya yote, bustani isiwe kubwa mno: pembe moja yenye ukubwa wa uwanja wa nyumba ya kawaida humsaidia mteja kukisia yake itakavyokuwa.

Tukirudi katika lugha, twaona kwamba fani hii haina upungufu wa maneno, bali ina maneno yaliyobebeshwa mzigo. "Kitalu" katika kamusi za zamani ni ukuta au ua uliozungushwa. Leo kuna kitalu cha miche, kitalu cha uwindaji, vitalu vya gesi, na tena "kitalu nyumba", yaani nyumba ya kukuzia mimea. Nashauri mfasiri aandike "kitalu cha miche" kwa ukamilifu mara ya kwanza, kisha "kitalu" peke yake panapokuwa hapana shaka. "Kiriba" kina historia ya kufurahisha zaidi: kilikuwa mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, na sasa watu wa misitu wanakiita hivyo kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche. Hakuna kamati iliyohitajika. Mtu aliona kifuko chenye umbo linalofanana, akakipa jina lililokuwa likielekea kusahauliwa.

Badala ya "bustani ya maonyesho" nilipendekezewa mengine matatu. "Bustani ya mfano" lafuata "shamba la mfano", lakini hilo hutukuza: shamba la mfano ni lile ambalo wengine wanapaswa kuliiga, na muuza miche hataki mteja aige bustani yote, ataka anunue miche mitatu. "Bustani darasa" lafuata "shamba darasa", ambalo limekubalika sana kwa wakulima, ila linatia mwalimu na somo mahali palipo na bei na mnunuzi. "Bustani kielelezo" niliipenda mwenyewe, kwa kuwa kielelezo kimetokana na kueleza. Lakini karani mmoja wa mahakama alinikumbusha kwamba kwao kielelezo ni panga lililoletwa mbele ya hakimu.

Jibu lilitoka kwa muuza miche mwenyewe. Nilimwuliza, bila ya kumtajia neno lolote, pale mbele anapaitaje. "Pale? Pa kuonyeshea tu, mzee. Mteja aone mmea ukishakua unakuwaje." Hapo sarufi yetu ilikuwa imekwisha fanya kazi ambayo mimi niliihangaikia wiki mbili. Kauli ya kutendea huonyesha mahali au chombo cha kutendea jambo: chumba cha kulia, kisu cha kukatia, mahali pa kuuzia. Maonyesho ni tukio. Kuonyeshea ni matumizi ya kila siku, hakuna tarehe wala kiingilio. Wako wataalamu watakaosema istilahi yapasa iwe nomino fupi, nao wana haki yao, lakini kwa maoni yangu ufupi ambao huzaa seng'enge ni ghali mno. Katika toleo lililorekebishwa tumetumia "bustani ya kuonyeshea".

Limebaki jambo moja. Lile jukwaa la ngazi ambalo viriba hupangwa juu yake ili vyote vionekane tumeliita "kichanja", kwa kufuata kichanja cha vyombo, lakini nimesikia pia "ngazi" na "meza". Wasomaji walio karibu na wauza miche wa Tanga, Moshi, Mbeya na Zanzibar wanaombwa watuandikie neno litumikalo kwao, pamoja na sentensi moja kama ilivyotamkwa na muuzaji mwenyewe.