Goti Linauma? Uliza Kabla ya Kuuza Ng'ombe

Ndugu mkulima, mpini wa jembe ukivunjika utatia mwingine. Goti si hivyo. Kila siku hubeba gunia, ndoo ya maziwa, na mwili wako mwenyewe. Sisi wa ofisi ya kilimo hatutibu watu, lakini twajua kwamba mwenye shamba akikosa miguu, shamba hulala.

Siku hizi watu wengi husikia habari za upasuaji wa matundu madogo, na wengine hudhani kwamba huponya kila goti linalouma. Sivyo. Basi soma habari hii kabla hujauza ng'ombe ili ulipe hospitali.

UPASUAJI HUU NI NINI?

Zamani daktari alilifungua goti kwa mkato mrefu. Sasa hutoboa matundu mawili au matatu, kila moja dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Katika tundu moja huingiza kamera nyembamba kama penseli, na katika la pili vyombo vidogo vya kukatia na kushonea. Maji ya chumvi yaliyo safi hupitishwa ndani ya goti, naye daktari hutazama kazi yake katika kioo kama cha televisheni. Upasuaji huu huitwa athroskopi.

Njia hii ilikuzwa sana huko Japani. Mwaka 1918 Profesa Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia ndani ya goti la maiti kwa chombo cha kutazamia kibofu. Mwaka 1962 Daktari Masaki Watanabe alikata na kutoa kipande cha gegedu kwa njia hiyo.

GOTI GANI HUFAIDIKA?

Ndani ya goti mna vipande viwili vya gegedu vilivyo kama mito midogo, ili mifupa isisagane. Kijana akiteleza na gunia begani, mguu ukasokoteka, na sasa goti limekwama wala halinyooki, huenda gegedu limechanika. Huyo aweza kusaidiwa sana. Hata aliyekatika kano ya goti aweza kutengenezwa kwa njia hii.

Lakini mtu wa makamo ambaye goti lake limeanza kuuma polepole, mwaka hata mwaka, pengine gegedu lake limelika kama soli ya kiatu. Kamera hairudishi soli iliyolika. Huko Houston, Marekani, wagonjwa 180 wa namna hiyo walikubali kujaribiwa, na matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Wengine walisafishwa goti, wengine walikatwa ngozi tu bila kujua. Baada ya miaka miwili, waliosafishwa hawakuwa na nafuu kupita wale waliokatwa ngozi tu. Mwaka 2017 wataalamu wa nchi kadhaa, wakiandika katika jarida la British Medical Journal, waliwashauri karibu wagonjwa wote wenye magoti yaliyochakaa wasifanyiwe athroskopi.

Mtu huyo afanye nini? Kama ni mnene, apunguze uzito. Atumie dawa ya maumivu kwa shauri la daktari. Tena aimarishe misuli ya paja: keti kitini, nyosha mguu mmoja, hesabu mpaka 5, ushushe polepole. Rudia mara 10, kila siku.

MASWALI MANNE

Ukiambiwa upasuliwe, uliza hivi:

1. Ni kitu gani kimeharibika ndani ya goti langu, na mmejuaje?
2. Nisipopasuliwa, itakuwaje?
3. Gharama zote ni shilingi ngapi, na SHA italipa kiasi gani?
4. Nitarudi shambani lini?

Swali la nne lina maana kubwa. Wengi hurudi nyumbani siku ile ile, lakini udogo wa matundu usikudanganye. Kazi nzito huenda ikangoja wiki sita, na kama gegedu limeshonwa au kano imetengenezwa, miezi kadhaa. Kwa hivyo, kama daktari asema hakuna haraka, ngoja umalize kuvuna, nawe utafute mtu wa kukukamulia ng'ombe.

Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hata za mitishamba, na kama una kisukari. Ukikatazwa kula kabla ya upasuaji, usile hata kidogo.

HATARI

Ukiwa umekwisha kupasuliwa, ukaona homa, usaha, shavu la mguu limevimba na kuuma, au pumzi inakupaa, nenda hospitali mara moja, usiku au mchana. Hata asiyepasuliwa, goti lake likivimba ghafula na kuwa moto, naye ana homa, asingoje kesho.

Yaandike maswali haya manne katika karatasi, uende nayo. Daktari mwema hachukii kuulizwa.