Tusiziue Betri kwa Mazoea ya Kale

Katika majilisi mengi ya walimu nchini, kipakatalishi huchomekwa kwenye stima asubuhi na hakichomolewi hadi kengele ya mwisho. Ukimwuliza mwenyewe sababu, atakujibu kwamba stima haiaminiki. Hoja yake ina mashiko. Ajabu ni kwamba tahadhari hiyo ndiyo inayoimaliza betri anayoitegemea. Siku stima inapopotea katikati ya somo, mashine huzimika baada ya dakika chache, naye hubaki na chaki mkononi.

Yupo na mwingine, aghalabu mwanafunzi, asiyechaji hadi mashine izimike yenyewe. Huyu amerithi wasia uliokuwa na maana zamani. Betri za nikeli na kadmiamu zilihitaji kuishiwa nguvu kabisa mara kwa mara, la sivyo uwezo wake ulionekana kupungua. Lakini mwaka wa 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za ioni za lithiamu, na hizo ndizo zilizomo katika vipakatalishi vya leo. Kazi ya kuzibuni iliwapa John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2019. Betri zimebadilika, mazoea yetu yamebaki yale yale.

Betri ya lithiamu huchakaa kwa kutumiwa na pia kwa kukaa tu. Inapojaa kabisa, volti zake huwa juu, na kemikali zilizomo hudhuriana polepole, zikiimeza lithiamu ambayo ingetunza umeme. Joto huuharakisha uharibifu huo. Basi kipakatalishi kilichojaa asilimia 100, kikiachwa kwenye stima kutwa kucha karibu na dirisha lenye jua, kimekabidhiwa kwa maadui wawili kwa pamoja.

Dawa yake si ghali. Siku za kawaida, betri na ielee kati ya asilimia 20 na 80. Mashine nyingi za sasa zina mpangilio wa kusitisha chaji kwenye asilimia 80. Mwalimu wa tarakilishi na awaonyeshe wenzake. Kuchaji kidogo kidogo hakuna hasara, kwa kuwa nusu ya leo na nusu ya kesho huhesabiwa kuwa mzunguko mmoja tu. Ukiwa na safari au mtihani, ijaze pomoni bila wasiwasi. Kosa ni kuiacha imejaa kila siku.

Fauka ya hayo, tuikumbuke likizo. Shule zinapofungwa Desemba, vipakatalishi hufungiwa kabatini vikiwa vimeisha chaji. Betri huendelea kupungua hata ikiwa imelala, na ikishuka kupita kiasi huenda isikubali chaji tena Januari. Ivunjwe desturi hiyo: mashine na zihifadhiwe zikiwa na nusu ya chaji, mahali penye ubaridi.

Hakuna betri idumuyo milele, lakini ipo tofauti kati ya kuzeeka na kuuawa. Shule inayolia kwamba haina fedha za vitabu haina udhuru wa kununua betri kabla ya wakati wake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.