Vibarua wa Mpunga na Haki Zao Katika Bonde la Usangu

Mpunga ni zao litakalo mikono mingi kwa muda mchache, na hapo ndipo ilipo asili ya habari hii. Katika bonde la Usangu, ambalo Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, ndio mji wake mkuu, miche ya kitaluni ikishafikia umri wa kung'olewa haimngoji mtu: sharti majaruba yawe yamekwisha kuvurugwa, maji yawe yamekwisha kufunguliwa mferejini, na watu wawe wamekwisha kuinama topeni wakipandikiza, ama sivyo zamu ya maji hupita na mwaka wa mkulima ukaharibika. Nyumba moja haiwezi kuitimiza kazi hiyo peke yake. Kwa sababu hiyo, katika miezi ya masika wakati wa kupanda na kupalilia, na tena kuanzia Mei wakati wa kuvuna na kupura, huja vijana wa kiume na wa kike, na kina mama wenye watoto mgongoni, wakiteremka kutoka vilima vya baridi vya Makete, Njombe na Wanging'ombe, na kutoka pande nyingine za Mbeya na Iringa, wakatafuta ujira kwa tajiri huyu na yule. Na mpunga ukishaingia ghalani, huenda zao.

Si jambo geni kwa bonde hili kuneemeshwa na waliotoka ghaibu. Wasangu, ambao wafalme wao waliitwa Merere, ndio wenyeji wa nchi. Lakini Wabulushi, ambao asili yao ni ng'ambo ya bahari, walilowea Rujewa tangu zama za ukoloni, nao wakawa miongoni mwa wa kwanza kulima mpunga kwa maji ya mifereji. Baada ya uhuru likaja shamba kubwa la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa Uchina likawa chini ya NAFCO, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula. Na katika miaka ya sabini reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hadi 1975, ikapita bondeni na kuleta watu wa makabila mengi. Wafugaji wa Kisukuma nao walikuja na ng'ombe wao, na wengi wao wakaondoshwa kwa amri ya serikali kuanzia mwaka 2006, kwa hoja ya kuyahifadhi maji ya mto Ruaha Mkuu, yaendayo kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu. Hiyo ni habari nzito inayostahili makala yake yenyewe. Hapa naitaja ili ionekane kwamba ugeni na uenyeji katika Usangu ni mambo ya karibu sana, na kwamba asiyekuja yeye, alikuja babu yake.

Tena nyanda hizi za juu, ambazo leo ndizo zinazopeleka vibarua bondeni, zina kumbukumbu yao zenyewe ya uhamaji wa kazi, nayo ni chungu. Wazee wa Njombe na Iringa walikuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba katika mashamba ya mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Wabena wengi wa Njombe, pamoja na majirani zao, wakachukuliwa kwa malori na treni hadi Tanga na Morogoro. Huko mtu alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi ambazo alipaswa kuzimaliza katika muda wa siku 42, na siku ambayo hakuitimiza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa, hata kama jua lilimchoma shambani tangu alfajiri. Wanyakyusa na wengineo walikwenda mbali zaidi, wakaandikishwa na WENELA, shirika la kukusanya wafanyakazi kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka Tanganyika ilipopata uhuru na serikali yake ikaufunga mlango huo. Katika kupigania kuondoshwa kwa hali kama hizo, vyama vya wafanyakazi viliungana mwaka 1955 katika shirikisho la TFL, ambalo katibu mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa. Basi mjukuu wa manamba anapoajiri watu leo katika ekari zake kumi za mpunga, anakaa katika kiti ambacho babu yake alikiona kutoka upande wa pili. Nami naamini ya kuwa kumbukumbu hiyo ingemfaa kuliko hotuba nyingi.

Maana yapo mambo yaliyobaki kama yalivyokuwa. Kibarua wa Usangu aghalabu hupimiwa kazi kwa ekari au kwa kipande cha shamba, na mapatano yake ni ya mdomo. Kipimo hukaa mkononi mwa tajiri. Huambiwa atalipwa mpunga ukishauzwa, na mpunga usipopata bei huambiwa asubiri; au hulipwa kwa debe la mpunga badala ya fedha, ilhali hana pa kuliweka wala gari la kulichukua, hivyo huliuza pale pale kwa bei yoyote. Hulala kibandani kando ya majaruba, ambako mbu ni wengi na maji yana kichocho, na akiugua hujitibu kwa akiba aliyokuja kuitafuta.

Je, sheria inasemaje? Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 17, inampa raia uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini, na katika ibara ya 23 inampa kila mtu, pasipo ubaguzi, haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Kwa hiyo mwanamke aliyepandikiza ekari sawa na mwanamume hastahili kupunjwa hata senti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma, inakataza mtoto chini ya miaka 14 kuajiriwa, na inamtaka mwajiri amwandikie mfanyakazi maelezo ya kazi yake: mahali alipoajiriwa, aina ya kazi, saa zake, na ujira wake, na ikiwa mfanyakazi hayafahamu maandishi hayo, aelezwe kwa namna atakayoifahamu. Kubwa kuliko yote, shauri likifika mbele ya wanaoamua na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha uko juu yake yeye, si juu ya kibarua. Na aliyeajiriwa kwao na wakala, akaletwa kwa basi hadi Rujewa, kazi yake ikiisha anastahiki kurudishwa kwao kwa gharama ya mwajiri.

Hata nje ya mipaka yetu insafu hii inatambulika. Mkataba namba 97 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka ajinabi aliyeingia nchini kihalali asipate ujira duni kuliko wenyeji. Ikiwa ajinabi hutendewa hivyo, sembuse raia aliyeteremka mlima mmoja tu?

Hata hivyo sheria hiyo ina pengo, na vibarua wa mpunga hutumbukia humo kwa urahisi. Wajibu wa kuandika maelezo ya kazi haumhusu mfanyakazi anayemtumikia mwajiri mmoja kwa chini ya siku 6 katika mwezi. Basi mwenye kupandikiza siku tatu kwa huyu, nne kwa yule, na mbili kwa mwingine, na kuendelea hivyo, hufanya kazi mwezi mzima na asiwe na karatasi ya mtu yeyote. Tena mwenye dai la ujira hupaswa kulifikisha kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na ofisi ya mkoa ipo Mbeya mjini, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Rujewa. Mtu aliyedhulumiwa ujira wa siku tano atatoa nauli ya kwenda na kurudi kabla hajasikilizwa. Na muda wenyewe huisha angali kwao, akingoja ahadi ya tajiri kwamba mchele utauzwa karibuni.

Mimi sioni kwamba dawa ya jambo hili iko Dodoma peke yake. Vyama vya wamwagiliaji katika skimu za Mbarali vimezoea tayari kupanga zamu za maji, na mkulima anayevunja zamu huwajibishwa mbele ya wenziwe. Chama kinachoweza kumfungia mtu maji kinaweza kuandika katika daftari jina la kibarua, ukubwa wa eneo lililopimwa mbele ya mashahidi wawili, kiasi cha ujira na siku ya kulipa. Na kinaweza kukataa kumpa maji ya msimu ujao mwanachama ambaye bado ana deni la watu waliompandia msimu uliopita. Ukurasa mmoja wa daftari hilo, ukiwa na sahihi au dole gumba, ungetosha kuwa ushahidi mbele ya Tume, na pengine ungetosha kuwafanya wengi wasifike huko kabisa. Halmashauri ya Wilaya ingeweza kumwomba afisa kazi ateremke kutoka Mbeya mara mbili tu kwa mwaka, katika mwezi wa kupandikiza na katika mwezi wa kupura, asikilize madai papo hapo, kwa maana katika miezi hiyo ndipo wadai na wadaiwa wanapokuwa wote bondeni.