Kusasisha, kuboresha na kuhuisha kivinjari

Katika maduka ya simu na kompyuta ya Kariakoo, kitenzi kinachotawala ni kimoja: kuapdeti. Fundi huapdeti simu, huapdeti kompyuta, huapdeti kivinjari. Hakuna sababu ya kukibeza kitenzi hicho. Kariakoo yenyewe ni jina lililozaliwa kwa njia hiyohiyo, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na leo hakuna anayelihisi kuwa geni. Kasoro ya kuapdeti haiko katika asili yake bali katika upana wake. Hubeba kwa pamoja matendo ambayo, katika kompyuta inayotumia Linux, ni tofauti kabisa, na anayeyachanganya hubaki na kivinjari cha zamani huku akiamini kuwa anacho kipya.

Kiswahili sanifu kina vitenzi vitatu vinavyogombea nafasi hiyo.

Sasisha kimeundwa kutokana na kielezi sasa na kiambishi cha usababishi -isha: kufanya kitu kiwe cha sasa. Wapo wanaokiona kitenzi hiki kuwa cha kubuniwa mno, lakini njia iliyokizaa ni kongwe; ndiyo iliyotupa hakikisha kutokana na hakika na karibisha kutokana na karibu. Nomino yake ni sasisho, wingi masasisho.

Boresha hutokana na bora. Irabu o ya mzizi huvuta -esha badala ya -isha, kwa kanuni ileile inayotupa somesha. Wafasiri wengi wa programu hukitenga kitenzi hiki kwa maana ya kupanda hadi toleo la juu zaidi, na sasisha kwa marekebisho madogo. Mpaka huo haumo katika matumizi ya Tanzania kwa jumla. Tume ya uchaguzi hufanya “uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura”, na kinachofanyika humo ni kuandikisha wapiga kura wapya, kurekebisha taarifa na kuondoa waliopoteza sifa, yaani kulifanya daftari liwe la sasa.

Huisha, kufanya kitu kiwe hai tena, ndicho kitenzi kinachopendwa na ofisi: kuhuisha taarifa, kuhuisha leseni. Ni kizuri, ila kina pacha wa kutatanisha. “Leseni huisha” maana yake ni kwamba leseni kwa kawaida hufikia kikomo. “Huisha leseni” ni amri ya kuifufua.

Kompyuta zenye Debian au Ubuntu ndizo zinazofanya tofauti hizi ziwe na uzito. Ubuntu, ambalo ni neno la Kibantu lenye undugu na utu wetu, lilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, mwaka uleule ambao mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Katika mifumo hii kuna amri mbili. Ya kwanza ni sudo apt update. Jina lake linadanganya, kwani haigusi programu hata moja. Husoma tu ghala za mtandaoni na kuleta orodha mpya ya vilivyomo. Mwenye duka wa Mbeya anayepiga simu Kariakoo na kutumiwa orodha ya bidhaa na bei za leo amejua kilichofika sokoni. Rafu zake bado zina mzigo wa mwezi uliopita. Mzigo mpya huletwa na amri ya pili, sudo apt upgrade. Anayeishia kwenye ya kwanza, akaona mistari ikipita kwenye skrini bila kosa lolote, hufunga kompyuta akiwa ameridhika, na kivinjari chenye nywila zake kinaendelea kubeba mianya ya usalama ambayo wahuni wameshaifahamu. Majina, basi, si ya kuaminiwa kwa sura. Jangwani yenyewe, kwa sikio la mgeni, ni mahali pa ukame; wakazi wa Dar es Salaam hulijua kama bonde la Mto Msimbazi linalofurika hadi barabara ikafungwa.

Kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno haifai hapa. Amri ya kwanza inaelezwa vyema kwa kuhuisha orodha ya vifurushi, na ya pili kwa kusasisha vifurushi. (Kifurushi hapa ni programu iliyofungashwa, si bando la intaneti.) Kuboresha kunaweza kuachiwa tendo kubwa zaidi, la kuupandisha mfumo mzima kutoka toleo moja hadi jingine.

Kuna mtego mmoja zaidi. Tangu toleo la 22.04 la mwaka 2022, Firefox katika Ubuntu huja kama kifurushi cha aina ya snap, na amri za apt haziigusi. Hujisasisha yenyewe, au kwa amri ya sudo snap refresh firefox. Neno la mwisho la Kiingereza humshawishi mfasiri aandike kuburudisha, jambo linalofaa kwa taarab na maji baridi. Kusasisha kunatosha. Lakini hata sasisho likishaingia, dirisha lililokuwa wazi huendelea kutumia toleo la zamani. Hadi kivinjari kifungwe na kufunguliwa upya, “nimekisasisha” ni sentensi isiyo ya kweli, hata kama sarufi yake haina dosari.

Tamko la kweli hupatikana kwa kufungua menyu ya msaada ya Firefox na kusoma nambari ya toleo. Kwa kompyuta kuukuu za biti 32, nambari hiyo haitapita 144, toleo la kawaida la mwisho ambalo Mozilla ililitengeneza kwa Linux ya aina hiyo. Hapo hakuna kitenzi cha kusaidia. Ni kuhamia toleo la 140 la msaada wa muda mrefu kwa kipindi kilichosalia, au kubadili kompyuta.